Usiku wa Zamu Yetu

Kila Desemba tukipanda kijijini Kilema, mteremkoni mwa Kilimanjaro, kwa Krismasi, siku inayofuata huwa ni ya Babu. Tunasali kidogo kaburini, pale kwenye mimea ya masale ukingoni mwa kihamba, shamba letu la nyumbani, halafu watu wanakaa uani, pombe ya mbege inazunguka, na baba mdogo anaanza. Hadithi ni zilezile. Babu aliyelima mpaka jembe likabaki kama kijiko. Babu aliyesomesha watoto saba kwa kahawa, wa mwisho akiwa yeye mwenyewe baba mdogo (hapo hutulia kidogo, tupate kuitazama suti yake). Babu ambaye hakuwahi kukosa zamu ya maji maisha yake yote, isipokuwa mara moja tu, mwaka 1994, na hiyo ni kwa sababu watu wa juu walikata mfongo, ule mfereji wa maji.

Akifika hapo mimi huinuka kwenda kuangalia nyama jikoni.

Mwaka huo nilikuwa darasa la sita. Mama alikuwa Dar es Salaam akitafuta maisha, mimi nikilelewa na Babu na Bibi. Kahawa ndiyo kwanza ilikuwa imeanza kuturudishia heshima. Tangu mwaka 1989, mataifa yaliposhindwa kuelewana juu ya mpango wa kulinda bei, kahawa ilikuwa haina maana, na majirani wengine walishaanza kuiangalia mibuni yao huku wakipapasa mashoka. Kisha katikati ya 1994 baridi kali ikaunguza mibuni ya Brazil, na bei ikaruka. Babu aliisikia habari hiyo redioni. Wenzake walipiga makofi. Yeye akasema, "Basi huko kuna mtu kama mimi analia," akaondoka kwenda kunoa panga.

Kwa asiyekulia kule niseme kidogo. Kahawa ukishaichuma mbivu, unaimenya siku hiyohiyo. Sisi tulikuwa na mashine ya kuzungusha kwa mkono, na aliyezungusha mara nyingi ni mimi. Ikishamenywa inabaki na ule utelezi wake, kwa hiyo unaivundika siku mbili, baridi ikizidi hata siku mbili na nusu, mpaka ukiisugua kiganjani inakwaruza kama changarawe. Hapo lazima ioshwe kwa maji mengi na safi, kisha ipande kichanjani ikaukie juani. Ukichelewa, inaanza kunuka. Na kahawa ikinuka hata uianike mwezi mzima, harufu haitoki.

Maji yenyewe yalikuja kwa mfongo, mfereji waliouchimba wazee wa zamani kutoka mtoni kule juu, na kila kihamba kilikuwa na zamu yake. Yetu ilikuwa Jumatano, saa 4 usiku mpaka saa 10 alfajiri. Wakati wa kiangazi ukiikosa unangoja wiki nzima.

Babu aliyashika maji mwenyewe. Lakini Jumatano ile ya Agosti alifiwa na mzee mwenzake, waliyebatizwa naye siku moja, na haikuwezekana asikeshe kwenye kilio. Bibi naye alikuwa huko. Baba mdogo alikuwa kijana wa miaka 20, ndiye angestahili kutumwa, ila njia ya kwenda mfongoni ilipita kilabuni, na Babu aliijua njia hiyo vizuri. Jioni akaniita.

"Mama, leo maji utayashika wewe."

Baba mdogo akaruka. Msichana? Mfongoni? Tena usiku? Na kweli, zamani mwanamke hakuruhusiwa hata kugusa kazi za mfongo. Babu alikuwa anafunga kamba za viatu. Hakuinua kichwa.

"Maji yatajuaje kama ni msichana?"

Akanipeleka mpaka kwenye mlango wa maji, juu kabisa ya kihamba chetu, chini ya mti wa mringaringa. Kilio kilikuwa nyumba ya tatu, ningepiga kelele wangenisikia. Akanionyesha lile gamba la mgomba lililozuia maji yasiingie kwetu, na bonge la udongo na majani la kuzibia upande wa pili. Saa 4 toa hili, weka lile. Kisha shuka na maji taratibu, usiyatangulie wala usiyaache, mpaka uyasikie yanaingia kwenye pipa. Ndani ya lile pipa la bati lililokatwa nusu ilikuwemo kahawa yetu, imevundikwa tangu Jumatatu jioni. Akaniachia kurunzi, saa yake ya mkono na koti lake la sufu, akaenda.

Ilikuwa saa 3 na robo. Nakumbuka kwa sababu niliimulika ile saa kila baada ya dakika moja. Baridi ya Agosti kule si ya kusimuliwa. Nikakusanya majani makavu ya migomba, nikayalalia, nikajifunika koti. Lilinuka moshi, tumbaku na ng'ombe. Nilijiambia nitahesabu mpaka mia tatu, halafu nimulike saa tena.

Nilipofumbua macho, Babu alikuwa amesimama juu yangu. Kulikuwa kumeanza kupambazuka. Kurunzi yangu ilikuwa imekwisha nguvu, inatoa mwanga mwekundu kama kaa la moto. Gamba la mgomba lilikuwa palepale, na nyuma yake maji yalikuwa yakipita kwa sauti nzuri kabisa, kuelekea kwa watu wa chini, ambao saa hiyo yalikuwa ni haki yao.

Nilitaka kulia ila hata kilio kilikataa. Babu alichuchumaa, akachukua saa yake, akaivaa. Akaondoa jani moja kavu lililonasa kwenye nywele zangu.

"Umeamka?"

"Ndiyo, Babu. Shikamoo."

"Marahaba. Kalete ndoo."

Tulipofika uani baba mdogo alikuwa ndiyo kwanza anaingia kutoka kwenye kilio. Bibi alikuwa ameshapita moja kwa moja kwenye zizi, nasikia maziwa yakigonga kibuyu. Baba mdogo akachungulia kwenye pipa, akanusa, akauliza maji vipi. Akanitazama mimi. Midomo yake nikaiona inajiandaa kusema, "Nilisema mimi!"

"Hayakufika," Babu akamjibu.

Ni neno hilo moja tu. Mengine yote, habari za watu wa juu na mfongo kukatwa, baba mdogo aliyajaza mwenyewe papo hapo kwa hasira, na alikuwa tayari kupanda na panga kwenda kuwauliza. Babu akampa dumu. "Panga halichoti maji."

Tukashuka korongoni. Njia ya kule ni ya kushikilia mizizi, ukiteleza unafika mtoni kabla ya ndoo yako. Babu alikuwa anakaribia miaka 70, hajalala usiku kucha, na alibeba madebe mawili kwa mti begani. Safari ya kwanza nilizihesabu pumzi zake. Safari ya nne niliacha, maana zangu zilikuwa zimeshazidi zake. Kila tukifika juu alimimina, anasugua kahawa kwa mwiko mkubwa wa mbege, anamwaga ule ute, anachukua madebe yake. Hakunitupia jicho hata mara moja la kusema unaona ulichofanya. Ningefurahi angefanya hivyo. Tulimaliza saa 8 mchana, na harufu ilikuwa imeshaingia.

Alikausha vilevile, kwa uangalifu uleule, akigeuzageuza kichanjani na kuchambua punje mbovu mpaka jioni. Kwenye chama cha msingi cha ushirika karani aliingiza mkono guniani, akaupeleka puani, akanyamaza kwa aibu. Babu hakuwa mtu wa kurudishiwa kahawa.

"Najua," Babu alisema. "Andika unachokiona."

Sijui alipoteza kiasi gani. Ninachojua ni kwamba bati za jiko zilizotajwa tangu Pasaka hazikutajwa tena mwaka huo.

Jumatano iliyofuata, baada ya chakula, akanipa kurunzi ileile, imewekwa betri mpya. Baba mdogo alifungua mdomo, akaufunga. Usiku huo nilisimama wima, mgongo kwenye mringaringa, kuanzia saa 2. Saa 4 ilipofika nililing'oa lile gamba kwa mikono yote miwili, maji yakaniingia mpaka magotini, na sijapata tena kuhisi baridi tamu namna ile.

Mwaka 2016, katika kikao chetu cha Desemba, baba mdogo alitoka chumbani na daftari alilolikuta ndani ya sanduku la bati. Babu aliandika humo kila gunia alilopeleka chamani. Akalifungua, akatafuta, akasoma kwa sauti ya mtu aliyeshinda kesi: "Agosti 1994. Kilo 38, daraja la chini. Maji hayakufika." Akalipitisha watu waone mwandiko. "Mnaona? Mwenyewe ameandika!"

Nikainuka kwenda kuangalia nyama.

"Maji yalifika," alisema Bibi. Alikuwa kwenye kigoda chake, anachambua maharage kwenye ungo, na hakuinua uso. "Yalimkuta mtu amelala." Akatoa jiwe moja, akalitupa pembeni. "Anakoroma."