Mkate Kushoto, Maji Kulia

Mara ya kwanza nilipoketi kwenye meza ya duara iliyoandaliwa kirasmi, nilikula mkate wa mtu mwingine. Niliona sahani ndogo upande wangu wa kulia, mkono ukaifuata, na jirani yangu, kwa ustaarabu wake, hakusema neno bali akachukua ya upande wake wa kulia. Kosa lilisafiri hivyo hadi likamkuta mama mmoja ambaye alikwisha kuumega mkate wake ipasavyo, kwa hiyo aliyeketi kabla yake akabaki bila sahani, na ile iliyokuwa yangu ikakaa kushoto kwangu pasipo mwenyewe.

Tangu siku ile nimeshika kanuni moja: mkate ni wa kushoto, maji ni ya kulia. Sahani ya mkate, yenye upana wa sentimita 15 hivi, hukaa juu ya uma za kulia chakula, na kisu kidogo cha siagi hulazwa juu yake, mpini ukielekea kulia. Glasi ya maji hukaa upande wa pili, juu kidogo ya ncha ya kisu kikubwa. Zikiwapo glasi nyingine, hupangwa kulia kwake. Sababu yake si fumbo, kwa kuwa wengi hunywa kwa mkono wa kulia.

Mwenyeji makini hujaza glasi za maji kabla wageni hawajaketi, ili mtu mwenye kiu asilazimike kuomba. Baada ya hapo anayehudumu husimama kulia kwa mgeni na kumimina glasi ikiwa palepale mezani, huku mkono wa pili umeshika kitambaa safi cha kupokea matone yanayotiririka kwenye jagi. Robo tatu ya glasi yatosha. Glasi iliyojaa hadi ukingoni huonekana kama ukarimu, lakini kwangu mimi ni adhabu, maana mgeni hawezi kuinyanyua bila kulowesha kitambaa cha meza. Barafu hutiwa kwa koleo, si kwa vidole.

Upande wa mgeni, adabu ya maji ni fupi: meza kwanza chakula kilichomo kinywani, jifute midomo, ndipo unywe, la sivyo ukingo wa glasi utabaki na alama za mafuta mbele ya macho ya wote.

Mkate ndio wenye mambo. Kikapu huzungushwa kuelekea kulia, kila mtu akimshikia jirani yake, kwani vikapu viwili vikienda pande tofauti hukutana mbele ya mtu mmoja asiye na mikono ya kutosha. Kipande ulichokigusa ni chako, hata kama umekiona kikubwa zaidi chini yake. Siagi nayo haitoki kwenye chombo cha wote moja kwa moja hadi kwenye mkate. Huwekwa kwanza pembeni mwa sahani yako, kisha unamega tonge moja kwa mkono, unalipaka hilo tu, unalila, na kurudia. Kuupasua mkate mzima kwa kisu na kuupaka wote kwa pamoja ni desturi ya kifungua kinywa cha nyumbani, ambayo nakiri kwamba naipenda, ila katika karamu rasmi haipendezi.

Ninapoandaa meza mwenyewe humwachia kila mgeni nafasi ya takriban sentimita 60, kwa maana meza ikisongamana hata anayeijua kanuni hawezi kutambua sahani ipi ni yake. Nafasi hiyo isipopatikana, naziondoa kabisa sahani za mkate, na kila mmoja huuweka wake ukingoni mwa sahani kubwa, upande wa kushoto.