Mjusi wa Mwambani, Msangamkuu

Nilipokuwa nikisubiri matokeo ya kidato cha nne nilikaa kwa shangazi yangu Msangamkuu, ng'ambo ya mji wa Mtwara, na mara nyingi nilimfuata pwani alipokwenda kuchokoa pweza. Siku ninayoikumbuka zaidi ilikuwa ya bamvua, ambayo huku kwetu hushusha maji kwa zaidi ya mita 3, na mwamba wa matumbawe ya kale, wenye ncha kali kama meno ya msumeno, ulikuwa wazi hadi mbali.

Mjusi alitoka ufani, umbali wa mkono tu kutoka nilipoketi. Alikuwa mweusi mwenye madoa ya rangi ya shaba, miguu mirefu, na kiwiliwili kisichozidi sana sentimita 5. Alishuka mpaka ukingoni mwa kidimbwi kilichoachwa na maji, akatulia akikodoa macho yasiyopepesa, kwa kuwa hana kope zinazofunga. Jicho lake limefunikwa na gamba angavu kama la nyoka. Ghafla akachovya kichwa majini, akaibuka na kisamaki kinachofurukuta, akakipigiza jiweni na kukimeza.

“Shangazi, mjusi anakula samaki!”

“Na yeye amefuata kitoweo, mwanangu. Ngoja maji yageuke, utamwona anavyopanda.”

Yalipoanza kujaa, mijusi kadhaa walipanda ngazi kwa ngazi mbele ya mawimbi. Mmoja alifunikwa na povu kabisa. Maji yaliporudi, alikuwa bado ameng'ang'ania palepale kwa kucha zake. Miaka mingi baadaye nilisoma kwamba anaitwa Cryptoblepharus africanus, kwamba anaishi pwani kuanzia Somalia hadi kaskazini mashariki mwa Afrika Kusini, na kwamba jamaa zake wamesambaa hadi visiwa vya Pasifiki, yamkini wakielea juu ya magogo. Vitabu vyetu vya shule, vilivyojaa simba na twiga, havikumtaja.

Tulipokuwa tukirejea tulipita kwenye tanuri la chokaa, magogo yamepangwa tayari na juu yake mawe yaliyovunjwa pwani ileile, yenye nyufa zilezile ambamo mjusi huyu hujificha maji yanapojaa. Nilimwonesha shangazi. Aliyatazama kidogo, akauliza mwenye tanuri angeuza debe kwa bei gani, maana ukuta wa uani ulikuwa unabanduka.