Jiwe nililoliosha

Nilikuwa na burashi mkononi, ndoo ya maji ya bahari miguuni, na jiwe la ukubwa wa kichwa cha mtoto mapajani. Wavu wa chuma ulikuwa umelikwangua kutoka kwenye mgongo wa Atlantiki, ile safu ya milima iliyo chini ya bahari, kina cha karibu mita 2,500, na winchi ililia weee hadi masikio yakachoka. Ilikuwa safari yangu ya kwanza ya utafiti. Mimi ni mtu wa mawe, na nilichokitaka kwenye jiwe lile ni ngozi yake.

Mabamba ya ganda la dunia yanapoachana, na pale Atlantiki huachana kwa sentimita 2 hadi 5 tu kwa mwaka, magma, yaani mwamba ulioyeyuka, hupanda kujaza ufa. Ikigusa maji ya nyuzi 2, uso wake huganda papo hapo kuwa kioo cheusi, huku ndani bado ni uji. Uji unasukuma, ngozi inapasuka, donge jipya linachomoza, nalo linavaa kioo chake. Sisi huiita lava ya mito: ya kulalia, si ya maji, na kila mwanafunzi mpya lazima aelezwe hilo. Kioo hicho kwetu ni dhahabu. Kimeganda kabla fuwele hazijapata nafasi ya kukua, kwa hiyo kimetunza kemia ya magma karibu kama ilivyotoka.

Cha kwangu kilikuwa kimefunikwa na utando wa rangi ya kutu na vimirija vyeupe. Uchafu, nikasema moyoni, nikausugua.

“Dada, unafanya nini?” Alikuwa mwenzangu wa zamu, mtu wa viumbe.

“Nasafisha.”

Alichungulia ndoo, akanyamaza, kisha akaimimina polepole kwenye chujio. “Hawa ndio nilioacha kwangu nikawafuata.” Kutu ile ilikuwa kazi ya bakteria wanaojipatia nguvu kutoka kwenye chuma cha mwamba. Vile vimirija vilikuwa nyumba za minyoo. Nilitamani sitaha inimeze.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kisa cha 1977 nilikijua, na siku zote nilikisimulia kwa majivuno. Ni wanajiolojia waliokwenda ufa wa Galapagos na nyambizi Alvin kutafuta maji moto, wakakuta kome, chaza wakubwa na minyoo mirefu yenye vilele vyekundu, mahali palipodhaniwa kuwa jangwa. Meli nzima haikuwa na mwanabiolojia hata mmoja. Formalini, dawa ya kuhifadhia sampuli za viumbe, ilikuwa kidogo mno, basi baadhi ya wanyama wakahifadhiwa kwenye vodka ya Kirusi iliyonunuliwa Panama. Nilikuwa nacheka nikifika hapo. Sasa naona kwamba wale, pamoja na upungufu wao wote, walitoa hata kinywaji chao kuokoa wasichokielewa. Mimi nilikuwa na burashi.

Usiku ule mwenzangu alinieleza habari ya mnyoo mmoja, Riftia, anayeweza kufika mita 2. Hana mdomo wala utumbo. Mwaka 1981 Colleen Cavanaugh, akiwa bado mwanafunzi, alionyesha kuwa ndani ya mwili wake wamo bakteria wanaomlisha kwa kutumia haidrojeni salfaidi, ile gesi yenye harufu ya yai viza. Na gesi hiyo inatoka wapi? Kwetu, kwenye mawe! Maji ya bahari huzama kwenye nyufa, hupashwa joto karibu na magma, huchota chuma, shaba, zinki na salfa, kisha hurudi juu yakiwa na nyuzi zaidi ya 350. Hayachemki kwa sababu ya mgandamizo. Yakikutana na maji baridi, madini hutengana nayo yakafanana na moshi mweusi, na hujenga bomba la mwamba ambalo moshi huo unatokea.

Halafu akanitolea picha ya konokono wa migongo ya Bahari ya Hindi, Chrysomallon squamiferum. Mguu wake umejaa magamba, na magamba hayo yamepakwa salfaidi ya chuma, yaani chuma kilichoungana na salfa. Nilibishana naye karibu nusu saa kama huyo ni mnyama wake au sampuli yangu. Mwaka 2019 aliingizwa kwenye orodha ya viumbe walio hatarini, kwa hofu ya uchimbaji wa madini hayo hayo ninayoyasoma mimi. Hapo ubishi ukaniisha.

Jiwe langu bado liko kwenye droo ya maabara. Upande mmoja unang'aa kama chupa. Upande wa pili, burashi ilipokuwa haijafika, vimebaki vimirija vitatu. Kwenye lebo, chini ya kina na tarehe, nimeandika: “Upande mmoja umesuguliwa.” Aliyesugua sikumtaja.