Siku nilipofuta madeni ya ami

Saa moja asubuhi sokoni Malindi si wakati wa kuzima seva. Ami yangu ni dalali wa samaki, na programu niliyomwandikia kwa lugha ya Erlang inampa kila mchuuzi mchakato wake (kijiprogramu kinachojiendesha peke yake), deni lake likikaa kwenye kumbukumbu ya kompyuta tu. (Ndiyo, kwenye kumbukumbu tu. Uvivu wangu.)

Asubuhi hiyo ujira wa ami ulikuwa unakatwa mara mbili. Dawa ilikuwa mstari mmoja, na Erlang, iliyoanzishwa na Joe Armstrong na wenzake kule Ericsson mwaka 1986, ilikusudiwa mitambo ya simu isiyotakiwa kuzimwa, kwa hiyo msimbo hubadilishwa programu ikiendelea. Nikaandika c(mnada), amri ya kupakia upya moduli, yaani faili la msimbo, liitwalo mnada; ikapakiwa, nikajiona bingwa.

Ami akapiga simu: "Mbona bado?"

Nikadhani haikuingia, nikapakia tena. Michakato yote ikafa pale pale, na madeni nayo.

Erlang huhifadhi matoleo mawili tu ya moduli, jipya na la zamani, na kupakia peke yake hakuhamishi mchakato wowote. Mchakato huvukia toleo jipya pale unapoita fanksheni (kipande cha msimbo chenye jina) pamoja na jina la moduli: mnada:kitanzi(Deni), kitanzi kikiwa fanksheni inayongoja ujumbe kisha kujiita tena. Mimi niliandika kitanzi(Deni), kwa hiyo kila mmoja ukazunguka humo humo katika msimbo wa zamani. Nilipopakia mara ya pili, toleo la zamani lilifutwa kupisha jingine, na michakato iliyokuwamo ikauliwa.

Madeni tuliyapata kwenye daftari la karani, ambaye hajaiamini programu yangu hata siku moja.

Kuongeza jina la moduli hakukutosha. Mchuuzi asiyenunua tangu jana, mchakato wake umekaa ukingoja ujumbe, haujafika pa kuita kitanzi tena, basi bado uko kwenye toleo la zamani. Sasa nikishapakia natuma ujumbe "vuka" kwa kila mmoja. Lazima toleo la zamani liwe linaujua ujumbe huo, la sivyo utalala kwenye sanduku la ujumbe la mchakato bila kusomwa. Halafu naita code:soft_purge, ambayo hufuta toleo la zamani bila kuua mchakato: ikijibu false (hapana), kuna uliobaki humo, nangoja.

Juzi nimeongeza tarehe kwenye deni. Kitanzi kipya kinalipokea deni lisilo na tarehe, kinalitia tarehe ya leo, ndipo kinaendelea. Na kila deni sasa linaandikwa kwenye diski.