Maski ya sabneti ilivyonieleweka

Maski ya sabneti, namba inayoambatana na anwani ya IP ya kompyuta kuonyesha imo katika mtandao mdogo upi, ilinikaa vizuri nilipoacha kuitazama kama namba nne zenye nukta na kuanza kuiandika kwa biti zake 32, yaani tarakimu za 0 na 1. Biti za 1, zinazofuatana kutoka kushoto bila kukatizwa, huonyesha sehemu ya anwani inayotambulisha mtandao. Sifuri zinazofuata ni nafasi ya vifaa.

Chukua anwani 192.168.10.77 yenye maski 255.255.255.192, yaani /26, kwa kuwa ina biti 26 za 1. Makundi matatu ya mwanzo hayana tabu, kwa kuwa 255 ni biti nane za 1 na huyaacha yalivyo. Kazi ipo kwenye la mwisho, ambapo 77 ni 01001101 na 192 ni 11000000: ukizilinganisha biti kwa biti, ukiandika 1 pale tu zote mbili zilipo 1, unapata 01000000, yaani 64. Basi kompyuta hiyo imo katika mtandao unaoanzia 192.168.10.64 na kuishia 127, wenye anwani 62 za kuvipa vifaa, kwa kuwa ya kwanza hutambulisha mtandao wenyewe na ya mwisho hutumika kuvitangazia vifaa vyote.

Naamini hesabu hii ingefaa kufundishwa kabla ya jedwali lolote la kukariri, kwa sababu ndiyo ambayo kompyuta yenyewe huifanya kabla ya kutuma data. Ikitaka kuifikia 192.168.10.130, kwa hesabu ileile inapata 128 badala ya 64, yaani mtandao mwingine, hivyo kifurushi hicho cha data inakikabidhi ruta, kifaa kinachounganisha mitandao. Ukiiwekea kompyuta hiyo peke yake maski ya 255.255.255.0, itaichukulia 130 kuwa jirani, itaiulizia ndani ya mtandao wake, na kwa kawaida haitajibiwa.