Kitako cha gobore la babu

Jana nimemkabidhi babu kitako kipya cha gobore lake, la kibali, ambalo analo tangu sijazaliwa. Cha zamani kilipasuka, nami nikaomba kazi ya mti. Mtutu ulibaki muda wote kwa fundi mwenye leseni hapa Tabora mjini. Mimi ndiye niliyekuwa naufuata kila jioni. Sheria ya silaha ya 2015 si ya kuchezea.

Cha kwanza kilinikatikia mkononi. Mninga ulikuwa mkavu, mzuri, lakini niliuchonga nyuzi za mti zikiwa zinakatiza shingo, pale kiganja kinaposhika. Pale ndipo kitako huwa chembamba kuliko kote. Niliumia sana.

Cha pili nilisoma nyuzi kwanza, kisha ndiyo nikachukua msumeno. Kulaza mtutu ndiko kulikonichosha: unaupaka masizi ya kibatari, unaulaza kwenye mfereji uliochongwa kitakoni, unaunyanyua. Palipobaki doa jeusi ndipo panapogusa, unakwangua kidogo tu, unarudia. Siku nne, mfereji peke yake! Ukikwangua kwa pupa, mti haurudi.

Babu amezoea subira hiyo. Gobore hulishwa kwa mdomo: baruti, kitambaa, goroli, kisha mdeki, ule ufito wa kushindilia, na kila mlio unaanza upya. Windo likikukimbia, limekwenda.

Alikinusa kwanza. Akakipitishia kidole gumba shingoni, taratibu, akaweka begani, macho akafumba.

"Kimenikaa, mjukuu wangu."

Sijalala vizuri kwa furaha.