Kukaa Siku Chache Katika Kijiji cha Soria: Ninavyojipanga

Kufika kwenye vijiji vya mkoa wa Soria, Hispania, kaskazini-mashariki ya Madrid, si kazi. Kazi ni kwamba ukishafika hakuna kinachouzwa. Mkoa una zaidi ya kilomita za mraba 10,000 na watu takribani 90,000, karibu nusu yao wakiwa Soria mjini. Waliobaki wametawanyika kwenye manispaa 180 na ushei, nyingi zikiwa hazifikishi watu mia. Vijiji kama Caracena, Rello au Gormaz, upande wa kusini wa mkoa, wakati wa baridi wakazi wake wote wanaenea kwenye daladala moja. Duka hakuna, ATM hakuna, mafuta ya gari hakuna. Mkate, samaki, daktari na padri hutoka nje, kila mmoja na siku yake. Kwa hiyo mimi huanza na kuuliza ratiba hizo. Tiketi ya ndege hufuata.

Swali la kwanza kwa mwenye nyumba ni siku na saa ya gari la mkate, na linasimama wapi. Dereva hupiga honi ndefu uwanjani, husubiri dakika chache, akaondoka. Ukiwa bafuni, umekosa mkate hadi safari yake ijayo, ambayo huenda ni keshokutwa. Ukimwambia mapema kwamba utahitaji mkate mkubwa wa mviringo, ule wanaouita hogaza, atakutengea. Huo ndio wa kununua, kwa sababu hukaa siku tatu nne bila kuwa jiwe, wakati mkate mrefu mwembamba ukilala usiku mmoja tu haufai. Lipa kwa sarafu na noti ndogo. Mengine ninayouliza: baa ya kijiji hufunguliwa siku gani (mara nyingi ni mali ya halmashauri au chama cha wanakijiji, na pengine hufunguliwa jioni tu au wikendi), mtandao gani wa simu unashika, na nyumba inapashwa joto kwa kitu gani. Nitarudi kwenye hilo la joto.

Upande wa viza, mwenye pasipoti ya Tanzania, Kenya au Uganda anahitaji ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi nyingi za Ulaya: ada ya mtu mzima ni yuro 90 tangu Juni 2024, na bima ya safari isipungue yuro 30,000. Kinachowakwamisha wanaokwenda vijijini ni uthibitisho wa malazi, kwa maana nyumba nyingi za huko hupangishwa kwa simu au WhatsApp, mambo yakaishia kwenye "sawa, karibu". Mwombe mwenye nyumba akuandikie barua pepe yenye jina la nyumba, anwani kamili, tarehe zako na namba ya usajili wa nyumba ya utalii. Ukifikia kwa rafiki, mwenyeji wako anaweza kutakiwa kuomba barua ya mwaliko polisi, na hiyo aianze mapema. Ukifika, mwenye nyumba atachukua taarifa za pasipoti yako. Asikutie wasiwasi, sheria inamlazimisha.

Usafiri wa umma upo. Treni ya Madrid hadi Soria huchukua kama saa tatu ikipitia Sigüenza na Almazán, ila kwa siku ni chache. Kutoka miji midogo kwenda vijijini kuna mabasi ya kuita: unapiga simu siku moja kabla, na gari halipiti kama hakuna aliyeomba. Mengi yamepangwa kumfikisha mwanakijiji mjini asubuhi siku ya soko au ya daktari na kumrudisha mchana. Mgeni anayetaka kwenda kinyume chake atalala njiani. Mimi hukodi gari.

Kutoka Madrid shika barabara kuu ya A-1 kuelekea kaskazini, utoke Cerezo de Abajo uingie N-110 hadi San Esteban de Gormaz. Hadi hapo ni kama saa mbili. Sisi tuliozoea kushika kushoto, hatari haiko kwenye barabara kuu. Iko kwenye njia nyembamba ya kijijini isiyo na mstari wala gari jingine: unatoka uani asubuhi, akili imelala, mkono unakupeleka kushoto. Kwenye kipilefti unaingia kwa kulia, na anayetoka kushoto kwako ndiye mwenye njia. Chukua kibali cha kimataifa cha udereva pamoja na leseni yako, na kama huwezi gia za mkono sema wakati wa kukodi, kwa kuwa ndizo nyingi. Baada ya jua kuzama, paa na nguruwe mwitu huvuka bila taarifa. Mimi huwa nimeshaegesha kabla ya magharibi.

Majina ya vijiji yanafanana mno. Ndani ya mkoa huu mmoja kuna Villar del Ala, Villar del Campo na Villar del Río, na ukiandika "Villar" peke yake simu itakuchagulia inachotaka. Ongeza msimbo wa posta. Wa Soria huanza na 42. Ramani ipakue ungali mjini, maana mabondeni mtandao hukatika.

Tangi lijaze San Esteban au El Burgo de Osma. Petroli ina alama ya duara yenye E5 au E10, dizeli ina ya mraba yenye B7. Kwenye pampu za vyama vya ushirika vya wakulima utaona pia "gasóleo B" kwa bei ya chini. Hiyo ni ya matrekta, imetiwa rangi nyekundu, na kuikuta ndani ya gari la kawaida ni faini. Hapohapo mjini ndipo pa kununua chakula na kutoa fedha taslimu. Jumapili maduka mengi hufungwa, na siku za kazi hufungwa kuanzia kama saa nane mchana hadi saa kumi na moja. Anayetua Madrid Jumamosi usiku akaingia kijijini Jumapili atakula alichobeba kwenye mkoba.

Sasa nyumba yenyewe, ambapo wageni wengi hukwama. Kijiji kiko mita 900 hadi 1,200 juu ya usawa wa bahari. Baridi kali hudumu hadi Aprili, na hata Juni usiku unataka sweta. Kuta ni za mawe, nene. Nyumba iliyokaa tupu wiki nzima huchukua siku nzima kupata joto, kwa kuwa unapasha mawe kabla ya hewa. Mwombe mwenye nyumba awashe moto siku moja kabla, na kama anataka malipo ya ziada, lipa bila kubishana.

Majiko ya siku hizi mengi hutumia peleti, yaani vipande vidogo vya unga wa mbao uliokandamizwa. Mfuko ni wa kilo 15, na kwenye baridi hasa hesabu mfuko mmoja kwa siku. Jiko likizimika lenyewe, kwanza angalia kibakuli cha kuchomea. Majivu yakiziba matundu yake hewa haipiti, na jiko linajikata kwa usalama. Kisafishe kila asubuhi likiwa limepoa. Kama ni la kuni, fungua kilango cha bomba la moshi kabla ya kuwasha, la sivyo moshi wote unaingia sebuleni. Majivu yaweke kwenye ndoo ya chuma, kamwe si mfuko wa plastiki, maana kaa moja hukaa hai hadi kesho yake.

Umeme una kikomo. Nyumba nyingi ndogo zimeandikishwa kilowati 3.45 tu. Hita ya kilowati 2 ukijumlisha na oveni, nyumba nzima inaingia giza. Zima kifaa kimoja, shusha swichi kuu, subiri sekunde kama kumi, ipandishe: mita za kisasa zinakata na kurudisha kwa njia hiyo. Isiporudi ndipo umpigie mwenye nyumba.

Jiko la kupikia na maji ya moto mara nyingi hutegemea mtungi wa rangi ya chungwa wenye kilo 12.5 za gesi ya butani. Butani huacha kugeuka mvuke joto likishuka hadi karibu nyuzi sifuri, kwa hiyo mtungi uliowekwa nje hugoma asubuhi ya barafu ingawa umejaa. Watu huubadilisha wakidhani umekwisha. Ngoja jua liupige, au uoge jioni. Usiupashe moto kwa namna yoyote.

Chakula nacho kina mtego. Soria ni nchi ya torrezno, ngozi na nyama ya nguruwe iliyokaangwa hadi ikatoa sauti ya kuvunjika, na mafuta yake yamo kwenye biskuti za kienyeji, maharage na supu ya vitunguu saumu. Ukisema huli nyama, mpishi anaweza kukuletea mboga zenye vipande vya paja lililokaushwa, kwa kuwa kwake hilo ni kiungo tu. Taja kwa jina: "sin cerdo, sin jamón, sin manteca", yaani bila nguruwe, bila paja lililokaushwa, bila mafuta ya nguruwe. Kimanda cha viazi, samaki wa mtoni na saladi ndivyo ninavyoagiza kwanza. Miongoni mwa vibarua wa mashamba na mifugo katika mkoa huu wapo Wamoroko, na hao ndio wa kuwauliza nyama halali inapatikana mji gani.

Kusalimia si hiari. Kila unayepishana naye ni "buenos días", au "buenas" kwa mkato, hata kama amekaa upande wa pili wa uwanja. Utaulizwa umetoka wapi, umefikia kwa nani, unakaa hadi lini. Jibu kwa ukamilifu. Bibi akijua umefikia nyumba ya fulani, ndiye atakayekugongea gari la samaki likija, na ndiye anayejua nani ana ufunguo wa kanisa. Makanisa haya ya mawe ya zama za kati, kama yale mawili ya Caracena, mara nyingi hufungwa; muulize mwenye ufunguo asubuhi, kamwe si kati ya saa nane na saa kumi na moja, na uache sadaka. Ngome ya Gormaz haihitaji ufunguo: ni ya Waislamu wa Andalusi, ya karne ya 10, na ukuta wake unazidi kilomita moja kuzunguka. Nisingepita eneo hili bila kuipanda.

Mashambani ni ngano, shayiri na alizeti. Pita pembezoni, usikanyage kilichopandwa. Lango ulilolikuta limefungwa lifunge. Waya mwembamba unaokatiza njia una umeme. Una mshikio wa plastiki, ndio wa kufungulia. Ukiona kondoo, watafute mbwa wakubwa wanaowalinda kabla hawajakuona. Simama, usikimbie wala usiinue fimbo, kisha zunguka kwa mbali, usipite kati yao na kundi. Kuanzia mwishoni mwa Septemba hadi Februari, bango lenye neno "batida" maana yake bunduki za wawindaji ziko porini siku hiyo, geuza. Uyoga wa msimu wa vuli usiuchume bila kibali, misitu mingi ina utaratibu wake wa kulipia. Kiangazi moto wa nje ni marufuku, na gari usiliegeshe kwenye mlango wa shamba, kwa sababu mashine ya kuvuna inaweza kuhitaji kupita hata usiku.

Anayetafuta utulivu aikwepe Agosti, hasa siku zinazozunguka tarehe 15. Watoto na wajukuu hurudi kutoka Madrid, Zaragoza na Barcelona, muziki unapigwa hadi alfajiri, na nyumba zimeshachukuliwa miezi kabla. Mimi hupendelea nusu ya pili ya Mei hadi Juni, nafaka zikiwa bado kijani, au Septemba mavuno ya nafaka yakishaisha.

Siku ya kuondoka funga valvu ya gesi, toa majivu, na kama ni wakati wa baridi muulize mwenye nyumba kama afungiwe maji. Bomba lililobaki na maji hupasuka likiganda. Taka zipeleke kwenye mapipa ya pamoja, ambayo kwa kawaida yako mwanzo wa kijiji: la njano ni la plastiki na makopo, la bluu karatasi, la kijani chupa.